Maziwa Yenye Muhuri

"Tafadhali mlaze mtoto kitandani," sauti ikasema.

Mtoto alikuwa kitandani. Alikuwa amelazwa chali kwenye kitanda cha kioo kisichozidi upana wa sinia la pilau, amekunja ngumi, analia mpaka kidevu kinatetemeka, na mama yake amemshika mguu asije akabiringika.

"Tafadhali mlaze mtoto kitandani."

"Si huyu hapa," mama akasema. "Humwoni?"

"Hakuna mtoto kitandani. Kama umemsahau nyumbani, tafadhali kamlete. Jabalfedha inajali afya ya kila mtoto wake."

Nyamizi alikuwa nyuma yao kwenye foleni, binti yake Kabula kafungwa mgongoni kwa khanga. Kiswahili cha ule mtambo, ambao mji mzima uliuita Mlezi, kilikuwa safi kupita kiasi. Hakikuwa na kwao. Hakikuwa cha Tabora wala cha Mombasa, hakikukwaruza popote, kama sahani ambayo haijawahi kuliwa. Waliomtengeneza Mlezi walimfundisha lugha za vibarua wote wa mji, ili kila mama akataliwe kwa lugha aliyozaliwa nayo.

"Mama Sidi," Nyamizi akaita kwa sauti ya chini. "Mtoe. Foleni inatutazama."

"Itutazame," Kadzo akajibu bila kugeuka. "Wao wanamwona. Ndicho ninachotaka, angalau mtu amwone."

Kadzo alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, na alikaa chumba kimoja na Nyamizi, kwenye jengo la wanawake chini ya minara ya bustani. Alikuja Jabalfedha kwa ndege na viza safi kama wengine wote, akapelekwa kwenye nyumba ya daktari mmoja mkubwa kupika na kufua. Siku aliyotoka nje ya geti la nyumba ile bila ruhusa, viza yake ilikufa, maana viza ya mtumishi ilikuwa mali ya mwajiri. Mimba yake haikufa. Baba wa mtoto Kadzo hakumtaja, na Nyamizi hakuuliza. Nyumba aliyoikimbia ilikuwa jibu tosha. Sidi alizaliwa sakafuni, juu ya mkeka, na mikono ya Nyamizi ndiyo iliyompokea.

Sasa sikio lake la kushoto lilikuwa linatoa usaha, na mwili unachemka.

Ilipofika zamu yake, Nyamizi alimfungua Kabula mgongoni akamlaza. Taa ya kijani ikawaka pale pale.

"Karibu, Kabula binti Nyamizi. Umenenepa vizuri. Leo ni siku ya matone ya kinga."

Mkono mwembamba wa chuma ukashuka, ukadondosha matone mdomoni mwa mtoto, ukarudi. Nyamizi hakuondoka. Alimchukua Sidi mikononi mwa Kadzo, akambananisha kando ya Kabula, wakalala wawili kwenye kitanda cha mmoja.

"Na huyu," akasema. "Mtazame sikio tu."

Mlezi akafikiri kidogo.

"Nzuri sana, Kabula. Mzazi, tafadhali ondoa mzigo kitandani."

Kadzo akacheka. Alicheka kicheko kimoja kifupi kama mtu aliyechomwa mwiba, akamnyanyua mwanawe, akatoka.

* * *

Zamani kidogo, kabla ya Mlezi, watoto wa Jabalfedha waliwekewa punje ya utambulisho chini ya ngozi, nyuma ya sikio. Ikawa watu wanazikata na kuziuza, mtoto anaokotwa na kidonda, punje imekwenda kwa mwingine. Mafundi wa mji wakakaa, wakatafuta njia isiyoibika. Wakabuni chembe hai, ndogo kuliko jicho lolote linavyoweza kuona, wakampa mama mwenye viza anywe siku ya kujifungua. Chembe hizo ziliingia kwenye maziwa yake, kutoka kwenye maziwa zikaingia kwa mtoto, na tangu hapo pumzi ya mtoto ilibeba alama ambayo Mlezi aliisoma kama vile mtu anavyosoma jina mlangoni. Kina mama waliziita muhuri. Mtoto akiacha kunyonya kabla ya miaka miwili, muhuri hufifia. Akifika miwili anakaa nao maisha.

Mafundi wale walijipongeza. Titi haliwezi kukatwa nyuma ya sikio likauzwa. Mama mmoja, mtoto mmoja, muhuri mmoja. Hawakuwahi kuishi kwenye nyumba ya kupanga, mlango wa kwanza hadi wa sita, ambako mama akichelewa sokoni na mtoto analia, jirani humchukua akampa ziwa huku anaendelea kuchambua mchele.

Baada ya siku ile ya kliniki, Nyamizi alifanya hivyo bila kuwaza. Kadzo alikuwa juu ya paa la mji, akifuta vumbi kwenye vioo vya jua, kazi ya wasio na viza. Jua la kule lilimkausha mpaka maziwa yakakatika. Alirudi kila jioni akiminya matiti, akipata matone mawili ya kumdanganya mtoto. Nyamizi alikuwa na zamu ya alfajiri kwenye bustani ya ghorofa, akipandikiza miche ya nyanya, kwa hiyo mchana alibaki na watoto wote wawili. Sidi akilia, alinyonyeshwa. Ziwa la kulia kwa Kabula, la kushoto kwa Sidi. Ndiyo hiyo tu.

Wiki ile ile alikwenda kliniki kumpima Kabula uzito. Hakuwa na wa kumwachia Sidi, akaenda nao wote, mmoja mgongoni, mmoja mbele. Walipofika kwenye kitanda cha kioo, khanga ya mgongoni ikalegea. Akamtua Sidi kitandani, kama vile mtu anavyotua kikapu ili ajifunge vizuri.

Taa ya kijani ikawaka.

"Karibu tena, Kabula binti Nyamizi. Pole. Sikio la kushoto lina maambukizi. Tafadhali mgeuze upande."

Nyamizi aliganda, ncha ya khanga mkononi. Kabula alikuwa mgongoni kwake, akinyonya kidole, masikio yake mawili makavu.

"Tafadhali mgeuze upande," Mlezi akarudia kwa upole uleule.

Akamgeuza.

* * *

"Rudia," Kadzo akasema.

"Amempa dawa. Kamwita Kabula, kampa dawa ya sikio na ya homa, kamwambia pole."

"Kamwambia pole?"

"Kwa Kiswahili chake kile cha kunyooshwa pasi."

Kadzo aliketi kitandani, uso umepauka kwa vumbi la paani, akamtazama mwanawe aliyelala fofofo kwa mara ya kwanza tangu homa ianze. Alipozungumza hakumtazama Nyamizi.

"Kwetu wangesema hawa sasa ni ndugu wa ziwa. Hawaoani."

"Wote wasichana, mama Sidi. Hilo limetupita salama."

Wakacheka, safari hii kicheko chenye pumzi. Kisha Kadzo akafuta macho kwa kiganja, akaingia kwenye jambo lenyewe.

"Mimi sikuombi. Nataka ujue hivyo kabla hatujaenda mbali. Titi ni lako, viza ni yako, mtoto ni wako. Wakijua, mimi wananirudisha nyumbani, basi. Wewe una cha kupoteza."

"Na Sidi?"

"Sidi hayupo. Umesikia mwenyewe. Watampoteza vipi asiyekuwepo?"

Nyamizi alimnyanyua Sidi, akamweka begani, akamsikia akipumua shingoni kwake: pumzi ya joto, yenye harufu ya maziwa, iliyobeba jina la mtoto mwingine.

"Uji," akasema. "Nikinyonyesha wawili nitahitaji uji wa pilipili manga, asubuhi na jioni, na usiwe mwepesi kama wa juzi. Ule ulikuwa maji ya kuoshea sufuria."

"Utakunywa mpaka utembee ukichuruzika," Kadzo akasema. Kisha akamshika mkono. "Jambo moja. Kule nilikokuwa, yule daktari na wenzake walikuwa wakizungumza mezani huku nawaandalia chai, kana kwamba mimi ni kabati. Mlezi akichanganyikiwa huwa anamwita mtu. Daktari wa kweli, mwenye mikono. Na daktari akija, askari wa viza wako nyuma yake. Kwa hiyo usiwahi kuwalaza kwa Mlezi wakati mmoja. Huyu leo, yule kesho. Kabula mmoja tu."

"Kabula mmoja tu," Nyamizi akakubali.

Ikawa hivyo. Watoto wakaota meno, wakatambaa, wakapigania kijiko kimoja ingawa vilikuwepo viwili. Nyamizi alikonda, mashavu yakaingia ndani, lakini maziwa hayakukatika. Mlezi alilalamika kwa adabu zake. Siku moja alisema uzito wa Kabula umepungua tangu jana na akashauri mama apunguze wasiwasi. Siku nyingine alisema Kabula ameota jino na kulirudisha. Kadzo aliyaiga maneno hayo chumbani kwa ile sauti isiyo na kwao, mkono kifuani, mpaka wanawake wa vyumba vya jirani wakagonga ukuta wakitaka na wao waambiwe kinachochekesha.

Hawakuambiwa. Ila walikuwa na macho. Mmoja, kisha mwingine, wakaanza kuwaacha watoto wao kwa jirani mwenye viza saa za mchana, bila kusema ni kwa nini.

* * *

Msimu wa tufani ulipofika, vumbi lilining'inia juu ya Jabalfedha mpaka taa za barabarani zikawashwa mchana. Watoto wakaanza kukohoa kikohozi kikavu cha kubweka ambacho kina mama walikiita kifua cha vumbi. Dawa yake ilikuwepo, ukungu mtamu ambao Mlezi aliupuliza puani, na mtoto aliamka kesho yake akitaka kula. Lakini ilikuwa chache. Kila mtoto alipewa mara moja kwa msimu, na Mlezi hakusahau aliyempa.

Sidi ndiye aliyeanza. Asubuhi alikohoa, mchana mbavu zikaanza kuzama kila alipovuta pumzi, kama kuna mtu anayeifyonza ngozi yake kutoka ndani. Kabula naye alikuwa na kikohozi, chepesi, cha hapa na pale, huku akiendelea kugonga sufuria kwa mwiko.

Kadzo hakwenda kazini. Aliketi sakafuni, mwanawe mapajani, mgongo ukutani. Nyamizi alingoja aseme. Angesema, "Naomba," angeweza kumkatalia. Angesema, "Wako kwanza," angeweza kumshukuru. Kadzo alimfuta mtoto jasho na kutazama mlango.

"Sema kitu," Nyamizi akamwambia.

"Niliahidi sikuombi."

Kabula akagonga sufuria. Akakohoa mara mbili, akacheka, akagonga tena.

Nyamizi alijua hesabu iliyokuwa mbele yake, na aliichukia. Ukungu ulikuwa mmoja. Akimpa Sidi, Kabula amekula wake bila kuuonja, na kikohozi kile chepesi kitaenda kinakotaka. Akimwekea Kabula akiba, Sidi hatafika jioni. Alijaribu kumwona Kabula kama mwanawe na Sidi kama mtoto wa jirani, kama sheria ilivyotaka. Akashindwa. Mwili wake ulikuwa umeshakataa. Ziwa la kushoto lilikuwa linavuja kwa sababu lilimsikia Sidi akiguna.

Alijifunga khanga.

"Nipe," akasema.

Kadzo akampa. Alipompa, vidole vyake vilikawia juu ya mtoto, kisha akainuka, akamfuata Nyamizi hadi mlangoni, akasema kitu kimoja tu.

"Mama Kabula. Ukibadili mawazo njiani, sitakuuliza."

Hakubadili. Mlezi akasema karibu, akasema pole, akapuliza ukungu. Kabla hawajafika kwenye kona ya jengo, mbavu za Sidi zilikuwa zimetulia.

* * *

Kifua cha Kabula kiliziba kesho yake, baada ya chakula cha mchana.

Hakikuziba polepole. Alikuwa anacheza, akakaa, akamtazama mama yake kwa macho makubwa kana kwamba kuna jambo anataka kulikumbuka, kisha midomo ikaanza kubadilika rangi. Nyamizi alikimbia naye mikononi bila khanga, bila viatu, akapita mbele ya foleni nzima na hakuna aliyemzuia.

"Karibu tena, Kabula binti Nyamizi. Umeshatibiwa kifua. Unaendelea vizuri."

"Haendelei vizuri. Mtazame."

"Mtoto aliyetibiwa huweza kukohoa kidogo. Mzazi, tafadhali punguza wasiwasi."

"Anakufa," Nyamizi akasema. Alilisema wazi, kama anavyotajiwa mtu bei. "Mpe dawa."

"Dawa ya Kabula imeshatolewa. Tunakutakia siku njema."

Aliupiga mkono wa chuma kwa kiganja. Haukutikisika. Nyuma yake kina mama wote walijua, au walikisia. Nyamizi alifikiri kukiri. Angepaza sauti aseme nina watoto wawili, mmoja si wangu, tafuteni askari. Lakini Mlezi hakujengwa kusikia kukiri. Alijengwa kusoma pumzi. Pumzi iliyokuwa pale kitandani, ile iliyokuwa inakatika, ilimwambia huyu ni Kabula, na Kabula alishapona.

Kikaja kitu kwa kasi kutoka mlangoni, na watu wakapisha.

Kadzo alikuwa na vumbi la paani mpaka kwenye kope. Hakuna aliyemwita; baadaye alisema alimwona Nyamizi akikimbia peku uwanjani, akateremka ngazi zote za mnara bila kukumbuka hata moja, akampitia Sidi chumbani. Alimtazama Kabula mara moja, akaelewa.

"Hapana," Nyamizi akasema. "Mama Sidi, hapana. Watakuchukua."

"Sogea."

"Watawachukua wote wawili."

"Jana ulinitazama nikakaa kimya," Kadzo akasema. "Leo usinizuie, nitakupiga."

Akamlaza Sidi kwenye kitanda cha pili, cha jirani, ambacho kilikuwa tupu. Sidi aliyeamka mzima, mwenye hamu ya kuchezea kila kitu, akapumulia kioo akakiwekea ukungu mdogo wa mviringo.

Taa ya kijani ikawaka. Ya kitanda cha kwanza nayo ikawaka. Zote mbili zikazimika, zikawaka, zikawa nyekundu.

"Karibu, Kabula," Mlezi akasema kutoka kitanda hiki. "Karibu, Kabula," akasema kutoka kile. "Kabula anaendelea vizuri. Kabula hapumui vya kutosha. Kabula. Tafadhali ngoja. Anaitwa mhudumu."

Sauti ikakatika. Kwa mara ya kwanza tangu kliniki ile ifunguliwe, kukawa kimya.

Daktari aliteremka kwa lifti ambayo hakuna mama aliyewahi kuiona ikifunguka. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi, koti limefungwa vifungo vibaya, kinywani kipande cha mkate. Aliwatazama watu wote wale kama mtu aliyefungua kabati lake akakuta lina wakazi. Sheria za Jabalfedha ziliruhusu mtambo kumkataa mtoto. Hazikumruhusu daktari, akishamwona mgonjwa kwa macho yake, kumwacha. Ndiyo maana madaktari waliwekwa ghorofa za juu.

Hakuuliza yupi ni yupi. Alimeza mkate, akaweka kidole shingoni kwa Kabula, akafungua ukuta kwa ufunguo, akatoa dawa kwa mkono wake mwenyewe.

Kadzo alikuwa ameshaketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, akingoja askari kama mtu anayengoja basi. Sidi alimtambalia hadi mapajani. Kabula alipokohoa kikohozi cha kwanza chenye maji na kulia kwa hasira, Kadzo alifumba macho, akatikisa kichwa taratibu.

"Sasa huyo anaudhika," akasema. "Huyo mzima."

* * *

Afisa wa viza aliyemhoji Nyamizi hakujua Kiswahili, na cha mtambo hakikupatikana, kwa sababu Mlezi alikuwa bado anatengenezwa. Akaletewa mtu. Mringo alikuwa mtu wa Moshi, amekaa Jabalfedha miaka mingi, mwenye shati lisilo na kunyanzi na sauti ya kumbembeleza mgonjwa.

"Dada yangu," akamwambia Nyamizi, "mambo yako si mabaya. Nimezungumza naye vizuri. Yeye hana ubaya na wewe."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Juu, analala, anakula. Muhuri wake wamesimamisha tu, hawajaufuta. Ni wewe wa kuamua." Akasogeza kiti. "Sikiliza. Wanajua kuna wengine wanafanya kama mlivyofanya. Hawawezi kukagua kila titi la mji huu. Kwa hiyo wanataka urekodi maneno mafupi, yawekwe kwenye kliniki zote, kina mama wayasikie wakiwa kwenye foleni. Unasema yule mwanamke alikudanganya. Unasema umehatarisha mwanao, jambo ambalo, samahani, ni kweli. Unaomba radhi. Basi. Unarudi kazini kwako, Kabula anarudi kwenye muhuri wake."

"Na mama Sidi?"

"Yule atarudi kwao, useme usiseme. Hilo limekwisha. Usimbebee."

"Na Sidi?"

Mringo alimgeukia afisa, wakazungumza. Alipogeuka tena alikuwa anakuna paji la uso.

"Huyo wana tatizo naye dogo. Ndege haipandishi abiria asiyekuwepo. Na muhuri alionao ni wa Kabula, hawezi kusafiri nao. Itabidi kwanza wamnyweshe dawa ya kuufuta, kisha watafute utaratibu."

"Utaratibu wa kumfanya awepo."

"Utaratibu wa kumsafirisha, dada."

Nyuma ya ukuta mtoto alikuwa analia. Nyamizi aliijua sauti ile kabla haijafika masikioni. Ziwa la kushoto lilikuwa limejaa tangu asubuhi na sasa lilianza kulowesha gauni. Aliliacha lilowe. Afisa aliona, akatazama pembeni.

Alifikiri juu ya midomo ya Kabula ilivyobadilika rangi. Hilo lilikuwa lake, hakuna mwingine wa kulibeba. Alichukua pumzi ya mwanawe akampa mtoto mwingine, akijua, macho wazi, na kama daktari yule angechelewa kwenye lifti asingekuwepo wa kumwambia Nyamizi kwamba alitenda sawa. Hata sasa hakuna aliyemwambia. Alijaribu kuyapanga maneno ya Mringo kinywani: nilidanganywa. Yalikuwa mepesi, yangetoka. Kisha yangekaa kwenye kila kliniki ya mji, kwa sauti yake, kwa Kiswahili cha Tabora chenye kwao, na mama fulani angeyasikia kwenye foleni akiwa na mtoto wa jirani mgongoni, akamtua chini.

Mlezi angepata sauti nzuri kuliko ile aliyokuwa nayo.

"Washa," akasema.

Mringo akatabasamu kwa faraja, akamwashiria afisa. Kitone chekundu kikawaka juu ya meza.

"Mimi ni Nyamizi, mama wa Kabula," akasema. "Nilimnyonyesha Sidi wa Kadzo. Hakuna aliyenidanganya. Alilia, nikampa ziwa. Alipozidiwa kifua nilimpa dawa ya mwanangu, na mwanangu alipozidiwa, Kadzo alikuja kwa miguu yake kujitoa ili apone. Mtambo wenu uliwatazama wote wawili ukasema mmoja ni mzigo. Mlioutengeneza ni ninyi. Kabula nitazungumza naye akikua, na atakachoniuliza nitamjibu. Na Kadzo hatudaiani."

Tabasamu la Mringo lilikuwa limeondoka. Alinyoosha mkono kuelekea kile kitone, akausimamisha hewani, akaurudisha gotini.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, na safari hii haikuwa sauti ya kubembeleza. "Watamfuta Kabula. Atakuwa kama yule. Umalizie vizuri, neno moja tu, halafu nitajua namna ya kulitafsiri."

Afisa aliuliza kitu. Alikuwa anataka kujua kama amekwisha kusema.

Nyuma ya ukuta Sidi alikuwa ameanza kukwama kwa kilio, kile cha njaa, kinachokatika katikati. Nyamizi alifungua kifungo cha kwanza cha gauni lake, kisha cha pili, akamtazama afisa usoni huku akimsemesha Mringo.

"Mtafsirie hivi, usipunguze. Mleteni mtoto anyonye. Radhi siombi."